Kushindana na Kufukuzana: Kazi na Mpira katika Historia ya Lubumbashi

Msemaji wa Kiswahili hushinda mechi, na pia hushinda kazini kutwa nzima. Kama hapa pana mzizi mmoja au miwili iliyofanana kwa sauti, hilo tuwaachie wanaisimu. Kwa mwanahistoria wa Lubumbashi maana hizo mbili zinakaa pamoja bila taabu, kwani mji huu uliwafunza wakazi wake kushinda mgodini na kiwandani, na papo hapo kushindana ili wasipoteze nafasi hiyo ya kushinda huko. Makala haya yanahusu swali moja: kwa nini mashindano ya mpira, yenye kelele na uhasama wake wote, yaliweza kuishi pamoja na ujirani, ilhali mashindano ya kazi yaliwahi kuishia katika watu kufukuzana?

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mjini mwaka 1911. Wenyeji wa karibu walikuwa wachache, na si wote waliotaka kazi ya tanuri. Kampuni ikatafuta watu Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi, Lomami na Kasai. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili siasa yake. Badala ya vibarua wa miezi michache, ilitaka wafanyakazi wa mkataba mrefu, waishio kambini pamoja na wake na watoto wao. Mfanyakazi alipewa nyumba, posho ya chakula, hospitali, na shule ya watoto. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Aliyepoteza kazi hakupoteza mshahara tu. Siku hiyohiyo alipoteza paa, unga, daktari na shule. Msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipofika, kampuni iliachisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake Waafrika, na waliobaki wakajifunza somo ambalo hawakuhitaji kulirudiwa.

Katika mazingira hayo kupanda daraja lilikuwa jambo la uhai. Kulikuwa na kapita, karani, fundi, na chini yao wengi wasio na cheo. Reli ya kuelekea Kasai ilikamilika mwaka 1928, na watu kutoka huko, wengi wao wakiwa wamepitia shule za misheni, walipata sehemu kubwa ya kazi za ukarani. Serikali nayo ikaongeza ngazi zake: mwaka 1948 ilianzisha kadi ya sifa za kiraia kwa wale walioitwa walioendelea, na mwaka 1952 utaratibu wa kuandikishwa ambao ulidai ukaguzi mkali zaidi. Waliofaulu walikuwa wachache mno katika koloni lenye mamilioni ya watu. Aliyeweka zawadi ndiye aliyeandika kanuni, na ndiye aliyepuliza filimbi. Sijui kama mchezo wa namna hiyo unastahili jina la mashindano, lakini walioucheza hawakuwa na mwingine.

Nje ya kazi mambo yalikuwa tofauti. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya na kusambazwa bara na askari na wapagazi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilifika hata Katanga. Popote ilipochezwa ilikuwa na vyama viwili au zaidi vya kushindana kwa mavazi, vyeo vya kubuni, na ukarimu wa karamu. Aliyeshindwa mwaka huu alikopa, akajipanga, akarudi mwakani. Mpira wa miguu uliingia katika nafasi hiyohiyo, ukiletwa na wamisionari Wabenediktini na kuungwa mkono na waajiri, waliotaka muda wa mapumziko upite bila siasa. Mwaka 1939 zilizaliwa timu mbili ambazo bado zinaugawa mji: ile ya Wabenediktini, ambayo baada ya majina kadhaa, likiwemo la kampuni ya matairi ya Englebert, iliitwa Mazembe, na Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli.

Waajiri hawakupata utulivu walioutarajia. Mwezi Desemba 1941, bei zikiwa zimepanda kwa ajili ya vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira, wakiongozwa na Léonard Mpoyi, wakidai nyongeza ya mshahara. Gavana alifika na askari. Mpoyi aliuawa, na pamoja naye makumi ya wenzake. Watu wa asili mbalimbali, waliozoeshwa kugombea nafasi, siku ile walisimama upande mmoja, na katika uwanja uleule uliojengwa ili wagawanyike kwa furaha.

Umoja huo haukudumu. Uchaguzi wa kwanza wa miji ulifanyika mwezi Desemba 1957, na mameya Waafrika waliopatikana Elisabethville walikuwa na asili ya nje ya Katanga. Mwaka uliofuata chama cha Conakat kiliundwa kwa madai kwamba wenyeji wanamezwa na wageni, na tarehe 11 Julai 1960 kiongozi wake, Moïse Tshombe, alitangaza kujitenga kwa Katanga. Miaka thelathini baadaye jeraha lilifunguka upya. Kuanzia mwezi Agosti 1992, chini ya ugavana wa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai walishambuliwa na kuondolewa makazini na majumbani. Walioitwa bilulu, yaani wadudu, walilala kwa majuma katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Wengi wao walizaliwa Katanga. Ni vigumu kuyaeleza hayo kwa chuki ya kikabila peke yake. Shirika la Gécamines, mrithi wa Union Minière, lilikuwa linaanguka: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa shaba ukashuka vibaya. Nafasi zilipopungua, kila nafasi ilibeba bado nyumba, shule na hospitali ndani yake.

Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha 2009, 2010 na 2015. Shabiki wa Lupopo aliumia kila mara, lakini hakuhamishwa nyumba. Jumapili nyingine ilikuwa njiani.

Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wafanyakazi wa namna hiyo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu amewaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Katika Kasungami, mtaa wa komini ya Annexe inayozunguka mji, nyumba haitolewi na kampuni. Mtu hununua kiwanja na kufyatua matofali kadiri fedha inavyoruhusu. Wauza makala na wenye pikipiki za abiria hunyang'anyana wateja tangu alfajiri bila haya, na jioni baadhi yao huketi kwenye likelemba moja, kila mmoja akitoa fungu lake ili mwenzake, ambaye asubuhi alimpora abiria, apokee jumla yake kwa zamu.