Nyuzi za raketi: kutoka utumbo wa kondoo hadi nailoni

Leo kompyuta zinapumzika kidogo (kidogo tu, programu itajitokeza huko chini). Kuna swali ambalo vijana wanaocheza mpira wa vinyoya huku kwetu Kibomet hawachoki kuniuliza, kana kwamba shahada ya sayansi ya kompyuta inajibu kila kitu: uzi gani wa raketi ni bora? Shida iko kwenye neno "bora". Kuna uzi unaorusha vizuri na kuna uzi unaodumu, na tangu zamani hao wawili hawapatani.

Tuanze mbali. Maofisa Waingereza waliokuwa India waliandika kanuni za mchezo huu katika mji wa Poona (leo Pune) miaka ya 1870. Jina la badminton lilitokana na jumba la Duke wa Beaufort kule Uingereza. Siku hizo ukitaka uzi mwembamba unaovutika na kurudi, unaenda kwa mchinjaji. Mwaka 1875 Pierre Babolat wa Lyon, Ufaransa, alitengeneza nyuzi za raketi za tenisi kwa utumbo wa kondoo. Utumbo una protini iitwayo kolajeni, ambayo huvutika na kurudi upesi bila kupoteza nguvu nyingi. Kwa kurusha, wapo wachezaji wa tenisi wanaouapia hadi leo. Adui yake ni maji: ukipata unyevu unavimba, unalegea, unaanza kuchambuka. Tena ni ghali.

Usidhani Wazungu pekee ndio waliolijua jambo hilo. Wabukusu wa Bungoma wana litungu, ala ya nyuzi saba, na Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi nane. Zamani nyuzi hizo zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe, na kano nayo ni kolajeni. Mtu wa Bungoma na yule wa Lyon walikuwa wameangalia mnyama wakaona kitu kilekile. Lakini ukikutana na mpigaji wa litungu leo, tazama ala yake kwa karibu: nyuzi ni za nailoni, mara nyingi mshipi wa kuvulia samaki.

Nailoni ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 na kikundi cha Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont, Marekani. Ikatangazwa hadharani mwaka 1938, ikaanza na nywele za miswaki, ikafuata na soksi za akina mama mwaka 1940, kisha vita vikaichukua yote kwa ajili ya parashuti. Huku kwetu iliingia kwa mlango wa ziwa. Katika Ziwa Viktoria wavuvi walikuwa wakitumia nyavu za kitani tangu mwaka 1905, na kitani huoza. Nyavu za nailoni zilipofika miaka ya 1950 hazikuhitaji kutangazwa sana, kwa sababu hazikuoza. Mshipi wa nailoni ukafika madukani, na kutoka dukani hadi kwenye litungu si safari ndefu.

Sasa sikia hili, maana lilinifurahisha sana. Ashaway, kampuni ya Marekani inayojulikana kwa nyuzi za raketi, ilianzishwa mwaka 1824 ikitengeneza mishipi ya kuvulia samaki. Yonex ya Japani, ambayo jina lake liko kwenye raketi za mabingwa wengi, ilianzishwa na Minoru Yoneyama mwaka 1946 ikichonga maboya ya mbao ya nyavu za wavuvi. Plastiki ikaja ikayaua maboya ya mbao, na kufikia mwaka 1957 Yoneyama alikuwa anatengeneza raketi. Kwa hiyo raketi na litungu zote zimepata uzi wao kupitia kwa wavuvi.

Uzi wa kisasa wa badminton si mshipi mmoja mnene, bali nyuzinyuzi nyingi sana za nailoni zilizokusanywa katikati, zikasukiwa ganda kwa nje, kisha zikapakwa dawa ya kuzilinda. Ugomvi wetu umehamia kwenye unene. BG65 ya Yonex, inayosifiwa kwa kudumu, ina milimita 0.70. BG66 Ultimax ina 0.65. Tofauti inaonekana ndogo, lakini piga hesabu ya eneo la mkato: 0.65 gawanya kwa 0.70, kisha mraba wake, unapata 0.86. Umepoteza asilimia 14 ya nyama ya uzi. Mwembamba unarusha vizuri na una mlio mtamu, ila nyuzi za wima na za mlalo husuguana kila zinapokutana, na uzi wenye nyama kidogo hukatika mapema hapo.

Wanaosukuma teknolojia hii wana sababu zao. Mwaka 2023 Satwiksairaj Rankireddy wa India alipimwa kwa mkwaju wa kilomita 565 kwa saa. Mchezaji wa ngazi hiyo ana fundi wa nyuzi pembeni ya uwanja. Wa Kibomet uzi ukikatika, raketi inalala mpaka apatikane mtu mwenye mashine, na wengine huishia kununua raketi nyingine ya bei rahisi, ambayo uzi wake wa kiwandani ni mbovu kuliko ule uliokatika. Ndiyo maana napendekeza 0.70 bila kusita, na mvuto wa ratili 20 hadi 22, si 28 kama wale wa kwenye televisheni. Tena Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kinyoya kinaenda mbali chenyewe. Hatuna upungufu wa kurusha, tuna upungufu wa kudumu.

Kuna jambo moja ambalo macho hayalioni. Nailoni hulegea polepole hata raketi ikiwa imetundikwa ukutani, na hulegea zaidi siku ya kwanza. Uzi unaweza kuwa mzima na umekwisha. Hapo ndipo programu inaingia. Mvuto wa uzi unakwenda na mraba wa mlio wake: mitikisiko kwa sekunde ikishuka kwa asilimia 5, mvuto umeshuka kwa karibu asilimia 10. Gonga nyuzi kwa mpini wa raketi nyingine, rekodi kwa simu, pitisha sauti kwenye hesabu za Fourier, andika namba. Mpigaji wa litungu anafanya hivyo kwa sikio kabla ya kila wimbo, ila yeye hukaza uzi papo hapo na sisi hatuwezi.

Ukitaka kujaribu, pima mara tatu: raketi ikitoka kwa fundi, kesho yake, kisha kila wiki. Gonga katikati kabisa, chumba kikiwa kimya, na usiguse nyuzi kwa kidole, maana kidole kinazima mlio. Namba ya kesho yake ndiyo ya kulinganishia. Ile ya kwanza itakudanganya.