Nahodha aliyetamba ugenini

Tangu Julai 2025, kipa anayekumbatia mpira kwa zaidi ya sekunde nane anaadhibiwa kwa kona. Kanuni ya zamani, iliyompa sekunde sita na kuwazawadia wapinzani faulo ndani ya eneo la hatari, imezikwa. Kanada hawataililia, na Christine Sinclair pengine kuliko wote.

Sinclair alizaliwa Juni 1983 huko Burnaby, jirani na Vancouver, katika ukoo wa soka: wajomba zake wawili, Brian na Bruce Gant, waliichezea timu ya taifa. Alipokuwa na miaka minne tu alikuwa tayari kwenye timu ya watoto wa chini ya miaka saba. Mwaka 2000, akiwa na miaka 16, kocha Even Pellerud akamwita timu ya wakubwa. Miaka miwili baadaye Kanada iliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya wasichana wa chini ya miaka 19. Sinclair alifunga mabao 10, akachukua tuzo ya mfungaji bora na ya mchezaji bora. Fainali ya Edmonton dhidi ya Marekani, waliyofungwa 1-0, ilihudhuriwa na watu zaidi ya 47,000.

Wamarekani walimfahamu vizuri. Alisoma Chuo Kikuu cha Portland na kukipa ubingwa wa vyuo mwaka 2002 na 2005.

Kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni cha Old Trafford, 6 Agosti 2012, nusu fainali ya Olimpiki dhidi ya Marekani hao hao. Mara tatu nahodha Sinclair aliipa Kanada uongozi, mabao yote matatu yakiwa yake. Zikiwa zimebaki kama dakika 12, kipa Erin McLeod alidaka mpira na kukawia nao. Mmarekani Abby Wambach alikuwa akimhesabia mwamuzi sekunde kwa sauti, na safari hii Christina Pedersen wa Norwei akapuliza kipyenga. Kosa hilo lilikuwa likiadhibiwa kwa nadra mno hata katika mechi za mchangani. Faulo ikapigwa, mpira ukamgonga Marie-Ève Nault mkononi, ikawa penalti. Wambach akasawazisha, na Alex Morgan akamaliza kazi kwa kichwa katika sekunde za mwisho za muda wa ziada: 4-3.

Sinclair alitoka akiwaka, akidai mwamuzi alikuwa na matokeo yake kabla ya mchezo kuanza. Baadaye FIFA ilimfungia mechi nne. Siku tatu baada ya kichapo kile Kanada iliifunga Ufaransa kwa bao la Diana Matheson la dakika za majeruhi na kutwaa shaba, na Sinclair akamaliza mashindano na mabao sita, mengi kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Kisasi kilikuja kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021: Marekani wakatolewa 1-0 kwenye nusu fainali, kisha dhahabu ikapatikana kwa matuta dhidi ya Sweden.

Kwenye klabu, mambo hayakuwa mepesi. FC Gold Pride, aliyoipa ubingwa mwaka 2010, ilivunjwa mwaka huo huo. Akahamia Western New York Flash, akabeba kombe la 2011, na ligi nzima ikafa. Portland Thorns ndiyo iliyomtuliza, akaiongoza kwa kitambaa cha unahodha na kubeba mataji ya 2013, 2017 na 2022. Klabu zote hizo ni za Marekani.

Hapo ndipo Kanada inapopaswa kuona haya. Mwanamke mwenye mabao 190 ya timu ya taifa, rekodi ya dunia kwa wanaume na wanawake, alikosa ligi ya kulipwa nyumbani kwao kwa miaka yote aliyocheza. Northern Super League, iliyoasisiwa na Matheson yule yule wa bao la shaba, ilianza Aprili 2025. Sinclair alikuwa ametundika daluga miezi mitano kabla.