Hitilafu za mfumo pepe wa mafaili

Mfumo pepe wa mafaili ni tabaka la kerneli lililo kati ya programu na mifumo halisi ya mafaili. Ndilo linaloiwezesha programu kufungua, kusoma na kuandika faili kwa namna moja, liwe kwenye diski yenye ext4, kwenye flashi yenye FAT au kwenye seva ya mbali kupitia NFS. Mojawapo ya matabaka ya mwanzo ya aina hii kwenye mifumo ya Unix ni lile la Sun Microsystems, lililotoka na SunOS 2.0 mwaka 1985 ili NFS iweze kukaa pamoja na mafaili ya diski. Linux ilipata la kwake mwaka 1992, na mfumo wa ext wa Rémy Card ukawa wa kwanza kulitumia. Kwa kuwa kila faili hupitia hapa, kosa la tabaka hili huonekana mara nyingi mbali na lilikotendeka, na sehemu kubwa ya kazi ya msakaji wa makosa ni kujua kwanza ni tabaka lipi lenye kosa.

Katika Linux tabaka hili hushughulika na vitu vinne: superbloku, yaani mfumo mzima wa mafaili uliopachikwa, inodi, yaani faili lenyewe bila jina, dentri, yaani jina na mahali pake ndani ya folda, na faili kama lilivyofunguliwa na programu fulani. Vitu hivi huhesabiwa watumiaji wake. Hesabu ikishuka mapema, memori huachiwa ilhali bado kuna anayeitumia. Isiposhuka, kitu hakiondoki kamwe. Kwa miaka mingi ulikuwamo ndani ya kerneli ujumbe uliojulikana sana kwa wanaofanya kazi hii: upachuaji ulipokuta inodi ambazo bado zina watumiaji, mashine ilitangaza kwamba itajilipua baada ya sekunde 5, kisha ikakutakia siku njema. Maneno yake yalikuwa ya utani, lakini hali yenyewe ni mbaya, maana inodi hizo zinaelekeza kwenye superbloku inayofutwa. Kwa makosa ya namna hii kifaa cha KASAN, kilichoingia kerneli ya 4.0 mwaka 2015, kina thamani kubwa: hukamata matumizi ya memori iliyokwisha kuachiwa pale pale yanapotokea, na huonyesha pia nani aliiachia.

Kundi la pili la makosa, baada ya lile la hesabu za watumiaji, ni la makufuli. Kwa kawaida mchakato ukikwama zaidi ya sekunde 120, kerneli huandika onyo pamoja na njia ya wito uliokwama. Tahadhari inahitajika hapa, kwa sababu onyo humtaja anayesubiri kufuli, si lazima aliyelishika. Inafaa kuomba orodha ya michakato yote iliyozuiwa kupitia kitufe cha SysRq, na kuwasha lockdep ya Ingo Molnár, ambayo hukumbuka mpangilio wa kushika makufuli na kuonya hata kabla mkwamo haujatokea.

Si kila ujumbe unaoanza na jina la tabaka hili unalishtaki tabaka lenyewe. Kerneli inapozimika kwa kushindwa kupachika mfumo wa mzizi, kwa kawaida kosa ni dereva la diski lililokosekana au jina la diski lililoandikwa vibaya kwenye amri ya kuwasha. Kipimo rahisi ni kurudia tendo lile lile kwenye ext4, kwenye XFS, kisha kwenye tmpfs iliyo ndani ya memori pekee. Kosa likitokea kote, diski na mfumo mmoja mmoja wa mafaili haviwezi kulaumiwa.

Mfano bora wa usakaji wenyewe ni kisa cha Max Kellermann wa Ujerumani, kilichofichua kasoro ya usalama iitwayo Dirty Pipe. Mteja alilalamika mwaka 2021 kwamba faili la logi lililobanwa kwa gzip halifunguki. Namba ya uhakiki ilikuwa na kosa. Kellermann akairekebisha kwa mkono, shauri likafungwa. Malalamiko yaliporudi, aliyapanga mafaili mabovu na kuona kwamba mengi yalikuwa ya siku ya mwisho ya mwezi, na kwamba baiti 8 za mwisho zilikuwa zile zile: 50 4b 01 02 1e 03 14 00. Mbili za kwanza ni herufi PK, alama ya ZIP. Programu iliyokuwa ikiunganisha logi za mwezi kuwa ZIP haikuwa hata na ruhusa ya kuandika kwenye mafaili hayo.

Hapo akaandika programu mbili fupi. Moja iliandika herufi A kwenye faili. Nyingine ilipitisha faili hilo kwenye paipu kwa wito wa kerneli uitwao splice, kisha ikaandika herufi B kwenye paipu. Herufi B zilipotokea ndani ya faili, kerneli ikawa imekamatwa. Splice hukabidhi paipu ukurasa wenyewe wa faili ulio kwenye memori, bila kunakili. Nafasi ya paipu ilibaki na alama ya zamani inayoruhusu kuongeza maandishi kwenye ukurasa huo. Kasoro ya kutosafisha alama iliingia toleo la 4.9 mwaka 2016, ila ikawa hatari kwa badiliko la 5.8 mwaka 2020. Ushahidi nao ulikuwa wa kupotea: ukurasa haukuwekewa alama ya kubadilika, hivyo ungeweza kutoweka kwenye memori bila kufika diskini.

Git bisect ndiyo inayofupisha hatua ya mwisho ya usakaji, yaani kutafuta badiliko lililoleta kosa, kwani kati ya mabadiliko 1,000 hufika kwenye lililoharibu kwa majaribio kama 10. Ripoti nzuri hubeba matokeo hayo, toleo la kerneli, namna mfumo wa mafaili ulivyopachikwa na programu fupi inayorudia kosa. Kerneli iliyopakia moduli za nje hutiwa alama, na ripoti yake hupewa uzito mdogo. Kosa la usalama hupelekwa kwanza kwa timu ya usalama ya kerneli. Kellermann aliipelekea ripoti na kiraka tarehe 20 Februari 2022, na tarehe 23 matoleo 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102 yakatoka yakiwa na marekebisho.