Zebaki ya Masara na Sheria za Mataifa

Ukipata kufika Masara, katika Kaunti ya Migori, msomaji, utaona jinsi dhahabu inavyopatikana kwa jasho. Mawe huvunjwa na kusagwa yakawa unga, na unga huo huchanganywa na maji na zebaki katika beseni. Zebaki huikamata dhahabu, likapatikana donge. Donge hilo huchomwa; zebaki hupaa, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauonekani, lakini ni sumu iharibuyo ubongo, na humdhuru hata mtoto aliye tumboni mwa mamaye. Zebaki nyingine huchukuliwa na maji ya mito hata ziwani, ikaingia katika samaki.

Je, zebaki hiyo yatoka wapi? Kenya haichimbi zebaki. Huletwa kutoka ng'ambo. Kwa hiyo sheria ya nchi moja haitoshi kuizuia. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1956, katika mji wa Minamata, Japani, uligunduliwa ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye sumu ya zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Miaka mingi ikapita kabla mataifa hayajashikana mikono. Umoja wa Ulaya ulikataza kuuza zebaki nje mwaka 2011, na Marekani mwaka 2013. Mwaka huo huo wa 2013 ulitiwa sahihi Mkataba wa Minamata, ukaanza kutumika mwaka 2017. Kenya iliuridhia mwaka 2023.

Nguvu ya mkataba huu ni dhahiri. Nchi mwanachama haiwezi kuipelekea nchi nyingine zebaki bila idhini ya maandishi, wala haina ruhusa ya kufungua machimbo mapya ya zebaki. Hivyo milango mikubwa ya biashara hiyo imefungwa.

Lakini yafaa tuutazame udhaifu wake pia. Kwanza, mkataba hauna askari wake. Hutegemea walinzi wa kila nchi, na chupa ndogo ya zebaki hufichika mfukoni. Pili, hauwakatazi wachimbaji wadogo kabisa. Huzitaka serikali zipunguze matumizi yao, na kuyakomesha inapowezekana. Tatu, nao ndio udhaifu mkubwa, mkataba huichunga zebaki iingiapo, lakini hauizuii dhahabu itokayo. Dhahabu iliyopatikana kwa sumu huyeyushwa pamoja na nyingine, na mnunuzi wa pete katika mji wa mbali hajui ilikotoka.

Basi tazama mzigo umemwangukia nani. Ziko mashine zinazotenga dhahabu bila zebaki, lakini zahitaji fedha. Mchimbaji anayeambiwa aache zebaki, asipewe njia nyingine, ameachiwa achague kati ya sumu na njaa. Sheria ya biashara haitakuwa ya haki mpaka anayefaidika na dhahabu achangie gharama ya kuichimba kwa usalama. Wewe usomaye leo, huenda kesho ukaketi katika baraza la kuitunga sheria hiyo. Uwakumbuke wanaoinamia beseni.