Kupevuka kwa yai na ishara za kalsiamu

Ukitoka Himo kuelekea Same, kaskazini mwa Tanzania, unapita mji mdogo uitwao Kifaru. Mnyama mwenye jina hilo leo yuko mbele zaidi, katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, alikorudishwa kutoka Afrika Kusini kuanzia 1997 baada ya ujangili kummaliza. Mwaka 2009 wengine watatu, faru weusi, waliletwa Mkomazi kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech. Mwishoni mwa mwaka huohuo bustani hiyo ilipeleka katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, faru weupe wa kaskazini wanne, wakiwamo Najin na bintiye Fatu. Tangu dume wa mwisho wa aina hiyo, Sudan, afe Machi 2018, hao wawili tu ndio waliosalia duniani.

Na ndio wanaodai tuwe makini na neno “kupevuka”.

Kwa kawaida tunasema yai limepevuka tukimaanisha limetoka kwenye ovari, na wanawake wengi huhesabu siku zao hivyo. Agosti 2019 wataalamu walifyonza kwa sindano mayai 10 ya Najin na Fatu yakiwa bado ndani ya ovari, wakayasafirisha hadi Cremona, Italia. Saba yalipevuka katika maabara, na viinitete viwili vikapatikana, vyote vya Fatu. Mayai hayo yalipevuka bila kutoka yenyewe. Kwa hiyo ni mambo mawili, na yanastahili majina mawili: kutoka kwa yai, na kupevuka kwa yai.

Kupevuka ni kazi ya ndani. Yai la mamalia huanza kugawanya kromosomu zake, kisha husimama njiani, wakati mwingine kwa miaka mingi. Homoni inapoliamsha huendelea, halafu husimama tena kusubiri mbegu. Katika kipindi hicho linaongeza akiba ya kalsiamu, na vipokezi vinavyofungulia akiba hiyo vinakuwa vyepesi kuitikia. Yai changa linaweza kupokea mbegu na bado lisiitikie ipasavyo.

Mbegu ikiingia huleta protini iliyotambuliwa mwaka 2002, iitwayo PLC-zeta. Kalsiamu hupanda ghafla, hushuka, hupanda tena, kila baada ya dakika kadhaa na kwa saa kadhaa. Ili kuona kalsiamu ikipanda, mwaka 1977 watafiti waliingiza katika mayai ya samaki medaka protini ya kiwavi-bahari inayong’aa ikikutana na kalsiamu. Mwanga ukapita juu ya yai zima, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mpando huo hufunga mlango kwa mbegu nyingine na kuliruhusu yai kumaliza mgawanyiko wake.

Ndiyo maana “ishara za kalsiamu”, kwa wingi, ni jina bora kuliko “ishara ya kalsiamu”: ujumbe umo katika kupanda na kushuka kunakojirudia. Vitabu vingine huandika “kalisi”, nalo linafaa, ila wauguzi na wagonjwa wamezoea kalsiamu.

Tofauti kati ya kupevuka na ishara hizo ina uzito kliniki pia. Mbegu ikidungwa moja kwa moja ndani ya yai na ishara zisipoanza, maabara zinaweza kuliloweka yai katika ionomaisini, dawa inayopandisha kalsiamu ndani yake. Lakini dawa hiyo huchukua nafasi ya mbegu tu. Yai ambalo halijapevuka hubaki halijapevuka.