Sekondari na Jembe: Safari Ndefu ya Elimu Chini ya Mlima Meru

Misheni ya Leipzig ilijenga kituo chake Nkoaranga mwaka 1902, miaka sita baada ya wamisionari Ovir na Segebrock kuuawa Akeri. Kanisa, shule na hospitali vikaota mizizi, na kahawa ikaenea katikati ya migomba. Mzazi wa Kimeru aliuza kahawa ili mwanawe asome, apate kazi ya mshahara, asirudi kushika jembe. Kila mageuzi ya sekondari tangu hapo yamegongana na matumaini hayo.

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Hesabu zake zilitisha: watoto wapatao 825,000 walikuwa shule za msingi, sekondari wanafunzi 25,000 tu. Kati ya waliomaliza msingi, kama asilimia 13 ndio waliopata nafasi ya kuendelea. Mwalimu alitaka shule imfae pia yule anayebaki kijijini. Shule zikalima mashamba, na katika miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu.

Naamini Mwalimu aliona mbali. Lakini mtihani wa taifa uliendelea kumpandisha aliyekariri vizuri, na katika shule nyingi jembe likawa adhabu ya aliyechelewa namba. Mtoto angelipendaje? Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, karakana zikakosa vifaa, na michepuo ikafifia.

Sasa imerudi kwa sura nyingine. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeigawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ambao ulianza mwaka 2024 katika shule chache. Meru ina bahati ambayo wilaya nyingi hazina. Chini tu ya Nkoaranga, Tengeru, kuna chuo cha kilimo cha bustani, chuo cha mifugo na Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia. Mwanafunzi wa amali akafundishwe huko, kwenye vitalu na maabara halisi, na kazi ya mikono yake ihesabiwe katika cheti.

Muda ni mfupi. Kwa kuwa elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza. Karakana zinapaswa kuanza kujengwa sasa.