Elimu Jumuishi katika Somo la Historia: Mambo ya Kuzingatia Shuleni na Nyumbani

Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, imelifanya somo la Historia ya Tanzania na Maadili kuwa la lazima, likifundishwa kwa Kiswahili. Ulazima huo unamhusu pia mwanafunzi asiyeona, kiziwi, mwenye usonji, mwenye ulemavu wa akili na anayesoma kwa shida. Haki yake ya elimu inalindwa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Hata hivyo, kuandikishwa shuleni hakutoshi endapo somo lote ni kunakili maelezo ubaoni.

Elimu jumuishi haipunguzi maudhui. Tukio hubaki lilelile; zinazoongezwa ni njia za kulifikia.

Mifano kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa

Shule za Kata ya Ikolo na kata nyingine za Wilaya ya Kyela zimezungukwa na historia inayoweza kufundishwa kwa vifaa vya gharama ndogo.

*Ramani ya kugusa.* Mto Songwe ulitajwa katika mkataba wa mipaka kati ya Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890. Uzi uliogundishwa kwenye boksi gumu huonesha mto, na mchanga huonesha ufukwe. Asiyeona huufuata mpaka kwa vidole.

*Kamba ya miaka.* Kila fundo ni tukio: mkataba wa 1890, Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann huko Liuli, na Uhuru wa 1961. Umbali kati ya mafundo humsaidia anayetatizwa na tarakimu kuelewa urefu wa muda.

*Igizo.* Zamani vijana wa Kinyakyusa wa rika moja walijenga kijiji chao kando ya makazi ya wazazi. Igizo fupi, lenye hatua chache, humwezesha mwenye ulemavu wa akili kushiriki.

*Simulizi za wazee.* Mzee anapoalikwa darasani, kiziwi huhitaji mkalimani wa lugha ya alama. Asipopatikana, picha na maneno makuu yaandaliwe mapema, na msimulizi akae akiwatazama wanafunzi.

Upimaji

Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa mitihani ya nukta nundu na ya maandishi makubwa, na huongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Mazoezi ya darasani yafuate utaratibu huo: anayeshindwa kuandika haraka aruhusiwe kujibu kwa mdomo.

Wajibu wa mzazi au mlezi

Mzazi anayeona dalili za uoni hafifu, usikivu mdogo au ugumu wa kusoma anashauriwa kumwarifu mwalimu mkuu mapema, bila kusubiri matokeo ya mtihani. Suala lisipopatiwa ufumbuzi shuleni, lifikishwe kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa afisa anayesimamia elimu maalumu katika Halmashauri. Kumficha mtoto nyumbani ni kumnyima haki yake ya kuijua nchi yake.